Msiba wa Aliyekuwa Njiani

Kila mwaka huwafundisha kidato cha nne tamthilia ya wapenzi wawili wanaoangamia kwa sababu habari ilichelewa kufika. Na kila mwaka, nikiuliza kwa nini mambo yaliwaishia vile, mkono wa kwanza kunyooka hujibu: "Majaliwa, mwalimu. Walishapangiwa." Darasa zima hutikisa vichwa kama wazee wa kikao cha mahari.

Mimi hukasirika. Huwauliza: alipanga nani? Alikaa wapi akapanga? Alikuwa na mikono, au alipanga kwa macho? Wananitazama wakidhani mwalimu ameanza kuchanganyikiwa kabla ya kustaafu. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la mbele aliniuliza kwa upole, "Kwani mwalimu wewe huamini?" Nilichukua dasta nikafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Nisingeweza kumjibu darasani, maana jibu langu linamhusu mdogo wangu wa kike, na mdogo wangu bado yupo, anaishi Sumbawanga mjini, ana cherehani yake karibu na stendi.

Hapo kwenye cherehani ndipo alipomwona yule kijana wa Muze. Muze iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, joto tupu, na kijana alikuwa akipandisha mchele kuja kuuza huku kwetu juu kwenye baridi. Alileta suruali ipunguzwe. Akaleta nyingine. Halafu akaleta ambayo haikuhitaji kupunguzwa chochote, akasisitiza ipunguzwe. Nilimwambia mdogo wangu, "Huyu mwisho atavaa kaptula." Akacheka mpaka akachoma kidole kwa sindano. Sijamsikia akicheka hivyo tena, ndiyo maana nakumbuka mpaka kidole kilikuwa kipi.

Baba alimpenda kijana. Baba ni mkulima, mtu wa mahindi na ulezi, nyumbani ni upande wa Kaengesa, na kwa baba mtu anayeamka alfajiri kuuza chakula hana kasoro. Kitu kimoja tu kilimkaa kooni. Kijana angeleta posa akitokea bondeni, akipanda mlima, na nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kusubiri posa ya namna hiyo.

Mtu huyo ni shangazi, dada yake baba. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, alichumbiwa na kijana wa bondeni. Siku ya posa kijana alikuja na jembe jipya begani, maana wakati ule posa ilifunguliwa kwa jembe. Ilikuwa masika. Alikuwa ameshapita mashamba ya babu, watu wamemwona, wamepungiana mikono, ndipo radi ikampiga. Ndugu zake walisema babu ndiye aliyeituma kwa sababu hakumtaka mkwe. Walimchukua mtu wao wakaondoka naye, na shangazi hakuruhusiwa kusogea. Hakuwa mke, posa haikupokelewa. Basi akaitwa mtu baki. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hunyolewa nywele, akafungwa kitambaa, akaketi chini, watu wakaja kumpa pole. Shangazi hakunyolewa. Aliambiwa aende kupalilia.

Hakuolewa kamwe. Tumekua tukimwona mle ndani, mpole, mwenye mikono mikubwa, anayejua kuchekesha watoto. Lakini mvua ikianza kunguruma alikuwa mtu mwingine. Mama alikuwa akikimbia kufunika kioo kwa kanga kama wanavyofanya watu wote wa Ufipa. Shangazi alikuwa akifungua mlango. Aliweka kigoda kizingitini, pale pale ambapo sisi watoto tulikatazwa kusimama, akaketi akitazama njia. Hakuna aliyemgombeza. Sisi tulijibanza kitandani tukitazama mgongo wake, na kila radi ilipomulika mgongo ule ulikuwa mweusi kuliko mlango.

Kwa hiyo baba akapanga. Akasema posa ije mwezi wa tano, mvua zikishaaga kabisa. Alimuuliza kila mtu aliyeijua hali ya hewa, akamuuliza mpaka padre. Kijana akakubali, mdogo wangu akakubali ingawa alinuna. Walitaka iwe mapema. Nami nilicheka nikamwambia baba kwamba anamkwepa nyoka aliyekwisha kufa. Aliniambia, "Wewe umesoma. Mimi nimeona."

Siku yenyewe ilikuja na anga safi. Upepo ulikuwa ule wa baridi ya mwanzo wa kipupwe, unaokausha midomo. Pombe ya ulezi ilikuwa imekomaa, kuku wamechinjwa, na mdogo wangu alikuwa amesukwa nywele ndogondogo ambazo zilichukua siku nzima na ugomvi mwingi. Asubuhi kijana alipiga simu kwamba wameshaanza kupanda mlima: yeye, mjomba wake, mshenga, na wengine wawili, kwenye pikapu, pamoja na mbuzi. Nilimsikia mbuzi mwenyewe kwenye simu.

Wingu lilitokea upande wa Rukwa mchana, wakati tunapakua. Sijui nilielezeje. Halikutanda, lilisimama. Kuku walioachwa waliingia jikoni wenyewe. Halafu ikapiga ya kwanza, mbali, na mama akaweka chini mwiko.

Msomaji asiyekaa kwetu huenda asielewe tulichofanya baadaye, lakini kila nyumba ya pale ilifanya hivyo hivyo. Radi ikianza, simu huzimwa. Si kwamba unaacha kuongea. Unazima kabisa, maana inasemekana radi hufuata simu kama nzi anavyofuata kidonda. Mama alipita na kapu akakusanya zote, yangu akaipokonya mkononi, akazizima moja moja na kwenda kulisukuma kapu chini ya kitanda chake. Akafunika kioo. Akamwambia mdogo wangu avue gauni, kwa sababu lilikuwa na maua mekundu na nyekundu haivaliwi kwenye radi. Mdogo wangu akabaki na kanga ya zamani ya mama, nyeusi iliyopauka. Akajitazama, akasema, "Sasa nimekuwa mjane." Alisema kwa utani tu. Mama akampiga kofi la mgongoni.

Mvua ilikuja na mawe. Juu ya bati ilikuwa kelele kiasi kwamba tulikaa kila mtu peke yake, ingawa tulikuwa chumba kimoja. Shangazi akainuka, akafungua mlango, akaweka kigoda. Baridi ikaingia, na vipande vya barafu vikawa vinarukia sakafuni hadi miguuni pake. Nilikuwa karibu naye. Nilimwona anasogeza midomo, nikainama.

"Ameshafika juu ya mlima," alisema.

Baba naye alisikia. Akamwambia, "Nyamaza, dada, nakuomba." Sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu kwa sauti ile. Kisha ikapiga moja ambayo haikuwa na muda kati ya mwanga na sauti, na nyumba nzima ikanuka kiberiti, au mimi nilisikia hivyo.

Mawe yalipokwisha na kubaki manyunyu, ngurumo bado zinazunguka, dereva wa bodaboda aliingia uani akiwa amelowa chapachapa. Ni mtu tuliyemfahamu, anakaa kijiji cha pili. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Alisema, "Jamani, mna wageni kutoka Muze? Huko juu ya mlima kuna watu wamepigwa na radi chini ya mti. Wametoka bondeni, wana mbuzi."

Nilitoka mbio nikaushika usukani wa pikipiki. Nikamuuliza, "Umewaona kwa macho yako?"

"Nimeambiwa, dada."

"Na nani?"

"Na watu waliopita."

"Walikuwa wangapi? Walikuwa na gari?"

"Mimi nimesikia mbuzi na watu wa Muze," alisema, akaanza kulia. Masikini, hakuwa na ubaya wowote. Alikimbia kwenye mvua kutuletea habari kama jirani anavyopaswa. Nilikaa naye pale nikimhoji kama mwanafunzi aliyechelewa, na nyuma yangu nikasikia mama anapiga yowe.

Kijijini yowe halina maelezo. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakwenda. Majirani walianza kumiminika wakiwa na magunia kichwani, wakifika tu wanapokea kilio mlangoni, wanauliza nani, wanaambiwa jina, wanalia na jina. Lilikuwa jina zuri, na siku ile nililisikia likipanda na kushuka kwa sauti ambazo hazikuwahi kumwona mwenye jina.

Niliporudi ndani, shangazi alikuwa ameshaketi kwenye mkeka, mdogo wangu amelala kichwa mapajani pake. Nywele zile ndogondogo zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, ziko chini kama takataka za fundi. Kulikuwa na beseni, sabuni ya kufulia na wembe. Shangazi alikuwa akinyoa taratibu, kwa ustadi, akipuliza povu lisimwingie machoni.

Nilimshika mkono. "Shangazi, subiri. Hatuna uhakika bado. Hata mwili hatujauona."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu. "Ndugu wa kijana wakifika watamfukuza huyu," alisema. "Wataambiana huyu si mke. Watamtuma kupalilia. Akishanyolewa, nani ataweza kumrudishia nywele? Niache nimfanyie mtoto."

Nikamwachia mkono. Hakukuwa na chuki mle, hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa akimpa mdogo wangu kile ambacho yeye alikilia maisha yote. Mdogo wangu alikuwa analia kilio cha chini kisichokata, kama maji yanayovuja, na alilia hivyo mpaka wembe ukamaliza.

Ngurumo zilipokwenda zake kuelekea upande wa Kate, nililivuta lile kapu la simu mwenyewe. Niliziwasha. Zikaanza kuamka moja baada ya nyingine, zikilia na kuwaka kwenye kapu. Ya mdogo wangu ikaleta ujumbe wa kijana: wamepata nyumba ya kujikinga huku juu, radi ni kali, na yeye anazima simu, mvua ikikata wanakuja. Aliandika, "Usiogope." Naye alikuwa mtoto wa Rukwa hii hii. Alizima simu kama sisi.

Nilimpelekea baba. Alisoma akitembeza midomo. Alirudia. Kisha tukasikia gari.

Nimefundisha tamthilia nyingi, lakini hakuna aliyeandika kile nilichokiona uani kwetu. Pikapu iliingia taratibu kwenye matope. Wale wageni waliona umati, waliona wanawake wamefunga kanga viunoni wanalia, wakaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: hapa pamefiwa. Wakashuka kwa adabu. Mshenga akavua kofia. Mjomba akamnyamazisha mbuzi kwa kumshika mdomo. Na kijana mwenyewe, suti imemganda mwilini, viatu vimejaa maji, alimwendea mama yangu, akainama, akashika mikono yake miwili.

"Poleni sana, mama," alisema. "Nani ametutoka?"

Mwanamke mmoja jirani, ambaye hakumjua kijana kwa sura, aliendelea kulia na jina lake pembeni yake kabisa. Nilimwona kijana akilisikia. Alianza kugeuka kumtazama, kama mtu aliyeitwa na mtu nyuma yake, halafu akasimama hapo hapo. Alitazama mikono yake.

Ndipo mdogo wangu akatoka. Kichwa kilikuwa cheupe, kinang'aa kwa sabuni, kanga nyeusi mabegani. Nilitegemea atamkimbilia. Nilimwambia, "Huyo hapo, ni mzima, nenda!" Alimtazama kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akarudi ndani kinyumenyume, kama mtu anavyotoka chumba chenye maiti.

Mjomba wa kijana hakuvuka kizingiti. Hakutukana. Alisema tu, "Kijana wetu mmemlilia kwa jina lake, na mke mmemnyoa. Mimi sijui dawa ya jambo hili." Wakapakia mbuzi wakaondoka. Waliopigwa na radi, tulikuja kusikia, walikuwa wachuuzi wa mbuzi waliokuwa wakienda mnadani, na wote walipona isipokuwa mbuzi.

Baba hakukata tamaa. Alituma wazee Muze. Padre alisema kwamba mtu aliye hai ni hai, wafunge ndoa, aibariki yeye mwenyewe; wazee wakasema ipikwe pombe nyingine, watu wale wale waliolia waje wacheke, jina litolewe msibani. Mambo yote mawili yangewezekana. Upande wa kijana ulilegea. Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasukuma. Lililobaki lilikuwa ni mdogo wangu kusema ndiyo, na nywele zilikuwa zinaota, na kila mtu alisubiri neno lake.

Kijana alikuja peke yake mwezi wa sita, akanikuta nami nipo likizo. Waliketi uani kwenye jua. Akamwambia, "Nishike mkono tu. Uone kama mimi ni mzimu." Mdogo wangu alinyoosha mkono, akamgusa, akaurudisha.

"Ni wa baridi," alisema.

Nilitaka kupiga kelele. Ilikuwa mwezi wa sita! Mwezi wa sita mikono ya kila mtu Sumbawanga ni ya baridi, hata ya padre akigawa komunyo. Nilisema hivyo. Nilisema na mengine, kwa ukali, mpaka mama akanitoa. Kijana aliinuka, akafuta suruali vumbi, na alipokuwa akiniaga alikosea kuniita. Siku zote alikuwa akiniita shemeji. Siku ile aliniita mwalimu.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, husema watu wa kwetu wakisimuliwa kisa hiki, na kwao kimekwisha. Mimi siridhiki. Kila mti ule uliteleza kwa sababu kuna mtu aliyeumwagia maji kwa upendo. Baba alisogeza tarehe kwa upendo. Mama alificha simu kwa upendo. Dereva alikimbia kwenye mvua. Shangazi alinyoa. Nikitafuta mwenye kosa nakutana na watu wangu wamekaa mezani, wananikaribisha chakula. Na hapo ndipo ninapoogopa kweli, maana kama si wao, basi nani aliyewapanga wote kwa mstari siku ile, kila mmoja na wema wake mkononi? Nakasirika darasani kwa sababu sina jibu bora kuliko la watoto.

Shangazi, tangu siku ile, mvua ikinguruma hulala usingizi mzito. Kigoda kimehamia jikoni.

Kijana alioa huko huko Muze, ana watoto. Mwaka huu nilimkuta soko la mchele, amenenepa kidogo. Nikamsalimu, nikaagiza, akapima. Alikuwa akikwepa kunitazama. Kisha akaniuliza, huku anafunga mfuko, "Mwalimu, hivi yeye bado analia?"

Nikamwambia halii.

"Kwangu radi ikianza mke wangu ananificha chumbani," alisema. "Watoto wananitazama. Wamesimuliwa. Wakati mwingine nami nasikia kama kuna mahali wanalia, mbali, nataka kwenda kuuliza ni nani." Akajaribu kucheka. "Mwambie mimi ni mzima. Sitaki kitu. Ajue tu."

Nikatoka sokoni moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. Mdogo wangu alikuwa anashona sare za shule. Nywele zake ni ndefu sasa, na kuna wanaume wawili waliokwisha kuuliza habari zake, akawajibu kwa heshima wakaenda. Nikamwambia maneno yote kama nilivyopewa.

Alisimamisha mguu kwenye pedali.

"Najua ni mzima," alisema. "Nilijua palepale uani. Nilimwona anatetemeka, na maiti haitetemeki."

Nikahisi hasira yote ya miaka ile inanipanda. "Sasa kwa nini? Kwa nini ulirudi ndani?"

"Nilimtafuta moyoni mwangu, dada. Alipokuja mwezi wa sita nilitafuta tena, nilimshika mkono nikitafuta. Hakukuwa na kitu." Alikuwa akinisemesha kwa upole, kama mimi ndiye niliyefiwa. "Wewe ulikuwa nje unamhoji yule wa pikipiki. Hukuona. Mimi nilipoambiwa amekufa nililia kweli. Nilimlilia mpaka akaisha."

Akakanyaga pedali, akaendelea na sare.